Boneti isifungwe kwa kamba, loki isafishwe

Ndugu Mhariri,

Magari mengi barabarani yana boneti iliyofungwa kwa kamba au kipande cha mpira. Loki za mengi kati ya hayo si mbovu, ni chafu tu. Grisi ya zamani imeshika vumbi ikawa tope gumu, na springi haiwezi tena kuirudisha kucha inayokamata kitanzi cha boneti. Dereva anasikia mlio, anaamini imefunga, kumbe inashikiliwa na ile ndoano ya usalama peke yake, yaani kishikio cha akiba kinachozuia boneti isifumuke loki ikiachia. Ndoano nayo ikikwama kwa kutu, upepo wa barabara kuu unaifumua boneti na kuibamiza kwenye kioo cha mbele. Mwaka 2020 nchini Marekani, Nissan iliagiza zaidi ya magari milioni 1.8 aina ya Altima, za kuanzia toleo la 2013 hadi 2018, zirudishwe kutengenezwa kwa sababu ya ndoano hiyo hiyo.

Dawa yake ni nafuu. Injini ikiwa imepoa, tandika kitambaa chini ya loki, kisha sugua kwa mswaki wa zamani uliochovywa mafuta ya taa. Petroli usitumie, mvuke wake hudaka moto upesi. Chezesha kucha, springi na ndoano kwa bisibisi huku ukisugua, mpaka kitambaa cha kufutia kitoke safi. Acha ikauke, ndipo upake grisi nyeupe ya lithiamu: nusu kijiko cha chai inatosha loki nzima, na kidogo kwenye egemeo la ndoano.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. WD-40, yale mafuta ya kupuliza ya kopo, inafaa kulegeza kutu, lakini ni nyepesi na haikai, kwa hiyo haichukui nafasi ya grisi. Oili chafu ndiyo mbaya zaidi, maana inaingiza masizi na chembe za chuma mahali ulipotoka kusafisha.

Kabla ya kushusha boneti, sukuma kucha kwa bisibisi mpaka ijifunge, halafu vuta mkono wa kufungulia ndani ya gari. Kucha iruke mara moja. Hakikisha umeiacha wazi, kwani ukishusha boneti juu ya kucha iliyofungwa utapinda kitanzi. Mkono wa kufungulia usiporudi, kasoro iko kwenye waya: dondoshea oili nyepesi kwenye ncha ya ganda lake. Nyuzi zikiwa zimeanza kukatika, badilisha waya wote.

Buti husafishwa vivyo hivyo, ila kwa kitambaa chenye unyevu wa mafuta ya taa tu, kwa sababu loki nyingi za nyuma zina swichi ya umeme. Swichi hiyo ikichafuka, taa ya buti huwaka usiku kucha na asubuhi betri haina chaji. Tundu la ufunguo litiwe unga wa grafaiti, kamwe si grisi.

Tunawaomba mafundi wenzetu waiingize kazi hii katika kila sevisi ya kubadilisha oili. Haizidi robo saa. Kwa magari ya pwani, yenye chumvi ya bahari, na yale yanayooshwa injini kwa mashine ya presha, grisi ipakwe upya kila baada ya kuosha, kwa sababu maji ya presha huing'oa yote.

Mafundi magari,
Tanga