Jumamosi: leza inayopoza

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa 10 alasiri, palepale Majengo. Kuna aliyeuliza: leza si inachoma, itapozaje? Swali hilo nimelala nalo.

Atomi ya rubidi, aina ya metali, hukimbia karibu mita 300 kwa sekunde. Rangi ya leza inasogezwa kidogo upande wa wekundu, hivyo atomi inayoijia leza ndiyo humeza mwanga, kwani kwake rangi huonekana imerudi mahali pake, na kila fotoni (chembe ya mwanga) huirudisha nyuma kidogo. Ikisukumwa hivyo mara maelfu, inatulia, na atomi zikitulia ndiyo baridi yenyewe. Kisha atomi zile zenye joto zaidi huachwa zitoroke, kama mvuke wa chai. Boulder, Marekani, mwaka 1995, wanasayansi walifika chini ya sehemu ya milioni ya digrii juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa. Kibo hapo ni tanuri!

Aliyeondoka na chaki zangu azirudishe.