Kaka, usiiuze tuktuk

Kaka yangu,

Assalaam alaikum. Ujumbe wako wa Ijumaa niliupata: "Iuzeni, ni chuma tu kinaliwa na kutu." Nilikupigia mara mbili ukaniambia uko kazini, na najua ni kweli ulikuwa kazini. Kwa hivyo nakuandikia hapa, mahali unapopitia usiku ukisharudi kitandani. Wasome na wengine pia, maana nyumba nyingi za Ukunda zina kaka aliyeko Ghuba na kitu alichokiacha uani kimefunikwa turubai.

Kwanza, hailiwi na kutu tena. Mwezi uliopita niliitoa chini ya mkungu, nikaiosha, nikampelekea fundi wa stendi. Akabadilisha oili, plagi na betri. Kisha nikaiendesha mpaka Vanga. Nilikuwa na rafiki yangu wa chuo, yule mtu wa Kisumu uliyezungumza naye kwenye simu siku ya Idi. Siku sita kwenda na kurudi, mabegi mawili ya mgongoni, sufuria moja, jerikeni la maji na mkeka wa Mama. Leseni ninayo tangu mwaka jana na bima nimelipa. Nakutajia haya mapema ili usisome yaliyobaki huku moyo ukikudunda.

Kutoka Ukunda hadi Vanga hazifiki kilomita 100. Matatu zingetufikisha kabla ya adhuhuri, na mwenzangu aliniuliza kwa nini tusipande matatu. Nilimjibu kwamba nimepita njia hii tangu utotoni na sijawahi kuiona. Nimeona migongo ya watu na kioo chenye vumbi. Kwenye tuktuk pembeni hakuna kitu kati yako na barabara. Unasikia harufu ya mwembe kabla hujauona, na mtu akikusalimu una wasaa wa kumwitikia.

Uliyonifundisha uwanjani pale shuleni yote nimeyakumbuka. Klachi na gia mkono wa kushoto, unazungusha kama unayekamua nguo. Lori likija nyuma usishindane nalo, toka kando lipite. Nilitoka kando mara nyingi sana, kaka.

Diani hatukukaa. Tulipita Msikiti wa Kongo tukaswali adhuhuri, mimi ndani, mwenzangu akingoja chini ya mibuyu huku akitazama Mto Mwachema unavyoingia baharini. Kwenye barabara ya hoteli tulisimama kuwaangalia mbega wakivuka juu ya vichwa vyetu kwenye zile ngazi za kamba walizofungiwa ili wasigongwe na magari. Mama mbega alikuwa na mtoto mweupe kifuani. Gari zote zikasimama, hata lori la mchanga.

Kaya Kinondo ndiko nilikoona aibu kidogo, maana ni msitu wa wazee wetu Wadigo na sikuwahi kuingia. Tangu 2008 umo katika orodha ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, na wageni wanatoka Ulaya kuja kuuona. Tulifungwa kaniki kiunoni, tukaambiwa tusitoke na chochote, iwe kuni, jiwe au jani. Tulipomaliza, mzee aliyetutembeza alimtazama mwenzangu miguuni. Jani moja lilikuwa limenasa kwenye ukanda wa ndala yake. Mzee akainama, akalichomoa kwa vidole viwili, akarudi nalo hatua kadhaa ndani ya msitu akaliweka chini. Hakusema neno. Mwenzangu alinyamaza mpaka tukafika barabara kuu.

Tulilala Gazi, na hapo nataka nikae kidogo kwa sababu kunakuhusu.

Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa. Akina mama wa Gazi wana daraja lao la mbao linalopita katikati ya mikoko, unalipa kiingilio wanakutembeza. Aliyetutembeza alikuwa mtu mzima wa rika la Mama, na alitutajia miti mmoja mmoja kwa kuigusa: huu mkoko wenyewe, huu mchu, huu mkandaa, huu muia, na ule wa mbele kabisa unaopigwa na mawimbi ni mlilana. Akachuma tunda la mkoko, refu kama mkono wangu kuanzia kiwiko, kijani, limechongoka. Akaliachia kutoka kimo cha bega. Likadondoka wima, likachoma tope na kusimama. "Limejipanda," akasema. Kisha akatuonyesha upande ambao miti yote ni ya kupandwa kwa mkono. Miaka ya sabini ilikatwa ikaisha, tope likabaki tupu, na tangu 1991 watu wa Gazi pamoja na watafiti wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, wamekuwa wakiirudisha. Tangu 2013 wana mradi unaoitwa Mikoko Pamoja: wanalinda hekta 117, na hati za hewa ya kaboni inayofungwa na msitu ule zinauzwa nje. Pesa zake zimeleta maji ya bomba na vitabu shuleni. Mwenzangu, ambaye anasomea hesabu, aliuliza maswali nusu saa nzima.

Lakini lililonishika mimi ni boriti. Yule mama alituambia babu yake alikuwa mkataji. Boriti zilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, zikapakiwa majahazini, na upepo wa kusi ukianza majahazi yanang'oa nanga kurudi Arabuni. Kule hakuna miti ya kuezekea, kwa hivyo dari zilikuwa za boriti za kwetu, na upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Serikali ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Nyumba kongwe za hapo Doha, kaka, zile ulizonitumia picha zake ukasema dari zake zinakukumbusha nyumba ya bibi, sasa najua kwa nini. Ukipita tena inua macho. Pengine kuna mti wa Gazi juu yako.

Msambweni tulinunua mafuta na viazi karai tukaondoka.

Karibu na Ramisi, mashamba ya miwa yakiwa kushoto na kulia, mkono wa klachi ulilegea ghafla ukawa hauna kitu ndani. Kebo ilikuwa imekatika. Tulisukuma. Jua lilikuwa la saa nane, na mwenzangu alisukuma bila kulalamika hata mara moja, jambo ambalo sitalisahau. Watoto watatu waliotoka shule wakaja kusaidia, halafu mwanamume mmoja aliyekuwa akitengeneza baiskeli chini ya mwarobaini akatuita.

Akaifungua kebo, akavuta waya wa ndani, ukatoka umefumuka kama ncha ya kamba ya katani. Hakuwa na kebo ya tuktuk. Akachukua waya mpya wa breki ya baiskeli, akaupima, akaona kichwa chake ni kidogo kwa tundu la klachi. Basi akakizungushia kipande cha shaba, akakiweka juu ya jiwe, akakigonga polepole, anageuza na kugonga, mpaka kikaenea. Alifanya kazi ile kwa utulivu kama anayechonga. Nikamwambia hivyo, akacheka, akasema kwao ni wachongaji kweli, ni Mmakonde, babu yake alitoka Msumbiji kuja kukata miwa ya kiwanda cha Ramisi. Baba yake alizaliwa hapa, na yeye pia, na hakuwa na kitambulisho mpaka baada ya ile safari ya Oktoba 2016, Wamakonde walipotoka Kwale kwenda Nairobi kumwomba rais awatambue kuwa raia. Akakitoa mfukoni kutuonyesha. Kimefungwa ndani ya nailoni mbili.

Tuliambiwa tutafute kebo halisi Lunga Lunga. Hatukuipata, na waya wake ndio ulionirudisha Ukunda.

Sasa sikiliza. Alipokuwa akitafuta spana alifungua kisanduku chini ya kiti cha dereva, akatoa daftari lako, lile la kava la buluu. Nilikaa chini ya mwarobaini nikalisoma lote. Kila siku umeandika mapato, mafuta, pancha, deni la nani. Siku nyingine mistari mitano, siku nyingine mmoja. Na kila baada ya Idi, ndogo na kubwa, miaka yote minne, kuna siku isiyo na hesabu yoyote. Umeandika neno moja tu: Vanga.

Shimoni tuliingia pangoni. Mwongozaji alituonyesha pete za chuma ukutani na mwanya wa juu unaopitisha mwanga, akasema watu waliotekwa walifungiwa humo wakingoja majahazi. Maji yanadondoka kutoka kwenye mawe, tone moja moja, na popo wamejaa. Mwenzangu alisimama karibu na pete moja asiiguse. Tulipotoka aliniomba tusiongee kwanza. Tukaenda kukaa gatini mpaka magharibi.

Tuktuk tukamwachia mzee mmoja pale, tukavuka kwa boti kwenda Wasini. Kule hakuna gari hata moja, na maji ya kunywa tuliyoyakuta yalikuwa ya mvua, yamekingwa kwenye mabirika na kupimwa kwa uangalifu. Nilimwona msichana akiosha vyombo kwa bakuli moja la maji, vyote, vikatakata. Asubuhi pomboo walipita mkondoni, wanne, na mwenzangu akapiga kelele ya furaha hata wavuvi wakageuka.

Vanga tulifika baada ya alasiri, mwezi ukiwa wa siku kumi na nne, bamvua limejaa. Wajua barabara ile inavyoingia mjini kati ya mikoko: maji yalikuwa yamepanda hadi ukingoni pande zote mbili na yanameta. Niliendesha kwa gia ya kwanza. Watoto wakatambua tuktuk kabla ya kunitambua mimi. Walisoma maandishi ya nyuma kwa sauti, DUA ZA MAMA, wakakimbia mbele yetu mpaka mlangoni kwa mama mdogo.

Mama mdogo alitoka na unga mikononi. Hakutazama usukani. Alikwenda moja kwa moja upande wa nyuma, akainama, akachungulia kwenye kiti cha abiria. Akaona mabegi, na mwenzangu. Akasimama hivyo kidogo, kisha akamkumbatia mwenzangu na kumkaribisha vizuri kabisa, akamwita mwanangu. Lakini nilikuwa nimeshauona uso wake.

Alimtarajia Mama, kaka. Tangu uondoke hawajaonana. Mama hasemi, wewe unamjua. Goti lile haliwezi kukunjwa kwenye kiti cha matatu, na pale Lunga Lunga lazima ubadilishe gari, upande bodaboda au ungoje. Mimi na wewe tulidhani amechoka na safari. Mama hakuchoka. Ni kwamba kwenye tuktuk yako alikuwa akikaa nyuma peke yake, mguu ameunyoosha juu ya mto, unamwendea polepole na kusimama kila anapotaka.

Tulikaa Vanga siku moja na nusu. Mama mdogo alimfundisha mwenzangu kukuna nazi, akatupikia wali na samaki wa kupaka, na usiku akatusimulia jinsi yeye na Mama walivyokuwa wakivua kwa tandilo maji yakipwa, kabla hawajaolewa. Hadithi ile sikuwa nimewahi kuisikia kwa Mama. Tulipoondoka alitupa samaki wa ng'onda kwenye kikapu na leso mpya imekunjwa. Alinipa mikononi, akasema, "Mwambie dada yangu, mimi bado nipo."

Nilimpa Mama ujumbe vile vile ulivyosemwa. Aliingia chumbani. Alipotoka aliuliza kama tuktuk ina mafuta.

Jumapili nilimpeleka hadi Gazi kulijaribu goti. Alikaa vizuri. Alimsalimu kila mtu njia nzima.

Najua kwa nini unataka kuiuza. Najua pesa ya kutuma imekuwa ngumu mwaka huu, na kwamba unafanya hesabu ya ada yangu usiku badala ya kulala. Basi hesabu yangu ni hii: Jumamosi na Jumapili na siku za likizo nitaibebea abiria mwenyewe kati ya Ukunda na Diani. Wiki tatu nimeshafanya, na nimeandika kila shilingi kwenye daftari lako lile lile, chini ya mwandiko wako. Picha za kurasa nitakutumia. Kama hesabu haitoshi tutaongea, lakini tuongee kwanza.

Yule mtu anayetoa bei ya chuma chakavu alikuja jana tena. Nimemwambia haiuzwi mpaka nisikie sauti yako. Karatasi alizokutumia usitie sahihi.

Na ukipata nafasi niambie ile rangi nyekundu ya maandishi uliinunua duka gani. M ya kwanza ya MAMA imeanza kubanduka, na Mama anataka yaandikwe upya kabla hatujaenda Vanga kwa Idi.

Dada yako,
Ukunda