Mwanangu, kombe la hoki lina fungu la bahati

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, kusi inavuma na samaki wameadimika. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema hapo Edmonton, Kanada, watu wana msiba, timu yao ya hoki ya barafuni imefungwa na Florida kwenye fainali ya kombe la ligi ya Marekani na Kanada, 2024 na 2025 pia, na kwamba Florida "wana bahati tu". Bahati nakubali. Hiyo "tu" ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Kwenye bao kete zote 64 ziko wazi mbele ya macho. Fundi akikaa na anayejifunza, anayejifunza hapati kitu. Kwenye karata fundi anaweza kugawiwa uchafu mtupu akaliwa na mtoto wa juzi, ila wakicheza usiku kucha fundi ndiye anayeamka na ushindi. Hoki ya barafuni iko upande wa karata, na sababu yake ni uchache wa magoli. Timu hupiga kama mashuti 30 golini kwa mechi, na kipa wa kawaida huokoa 9 katika kila 10. Yanabaki magoli 3. Kwenye mpira wa kikapu wa Marekani timu hupata zaidi ya pointi 100, na mikosi ya huku na ya kule hufutana humohumo. Magoli 3 hayafuti kitu. Goli lenyewe lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, na kile kisahani cha raba ngumu wanachokipiga, chenye kipenyo cha sentimita 7.6, hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde ovyo. Hata hivyo kinagonga kiatu cha beki kikageuka, kinagonga mtambaa panya kikatoka.

Ila bahati ya namna hiyo hutafutwa. Ndiyo maana timu humsimamisha mtu mwenye mwili mbele ya kipa, amzibe macho na kukigusa kisahani njiani kwa gongo lake. Anayepeleka mashuti mengi kwenye msongamano huo ndiye anayepata magoli mengi ya "bahati". Mimi naiita kazi. Kilicho nje ya uwezo wake ni kwamba goli limeingia leo na si keshokutwa, na kwenye mtoano keshokutwa yaweza isiwepo.

Jaribu hili kwa mkono wako. Chukua kopo la maziwa, tia vipande 20 vya karatasi vinavyolingana, 11 viandike E na 9 viandike F. E sasa ana nafasi 55 kwa 100 katika kila mechi. Chomoa kimoja, andika, kirudishe, tikisa kopo, chomoa tena, mpaka mmoja afikishe ushindi wa 4; huo ndio mfululizo mmoja, yaani raundi moja ya mtoano. Usiporudisha umeharibu hesabu, maana kila E anayetoka anapunguza nafasi ya E mwingine. Rudia mfululizo mzima mara 100 na E atashinda kama mara 61. Lakini kombe linataka mifululizo minne, yaani ushindi 16. Zidisha 0.61 yenyewe kwa yenyewe mara nne, unapata kama 0.14. Hiyo ni timu iliyo bora kuliko kila inayokutana nayo, na bado inabeba kombe kama mara moja katika misimu 7! Mpe E vipande 12: mfululizo mmoja anaupata kwa 71 katika 100, kombe kwa 25. Robo.

Ukishaliona kopo, matokeo ya kweli hayatakushangaza. Timu ya Tampa Bay walishinda mechi 62 kati ya 82 msimu wa 2018/19, kisha Columbus wakawatoa raundi ya kwanza 4-0. Kikosi kilekile, kwa sehemu kubwa, kikabeba kombe 2020 na 2021. Boston walivunja rekodi 2022/23 kwa ushindi 65 na pointi 135, wakatolewa raundi ya kwanza na Florida hao hao waliopenya kwa pointi 92. Boston waliongoza mfululizo 3-1, na kwenye mechi ya saba waliongoza mpaka ilipobaki kama dakika moja. Florida wakasawazisha, wakashinda muda wa nyongeza. Na wanaokuambia kombe halijarudi Kanada tangu 1993, wakumbushe kwamba mwaka huo Montreal, timu ya Kanada iliyolibeba, walishinda mechi 10 mfululizo za muda wa nyongeza, ambamo goli moja linamaliza mchezo. Sarafu ingefanya hivyo mara 1 katika 1,024. Walikuwa na Patrick Roy golini, kwa hiyo haikuwa sarafu tupu, lakini sarafu ilikuwemo.

Kuipima bahati, chukua asilimia ya mashuti yenu yaliyoingia, jumlisha na asilimia ya mashuti ya wapinzani ambayo kipa wenu ameokoa. Kwa ligi nzima jumla ni 100, kwa kuwa kila goli la huyu ni shuti lililomshinda kipa wa yule. Timu yenye 103 baada ya mechi 20 aghalabu itashuka, yenye 97 itapanda. Kuna makosa matatu hapo. Ukichanganya dakika ambazo mchezaji mmoja yuko nje kwa adhabu, unapima adhabu. Hesabu watano kwa watano peke yake, makipa kando. Usiyaache ndani magoli ya dakika za mwisho, kipa akiwa ametolewa ili aongezwe mshambuliaji, hayo hayakupita kwa kipa yeyote. Kosa la tatu ndilo gumu: kipa bora kweli huipandisha jumla, na kumtofautisha na kipa aliyebahatika kunataka mashuti maelfu.

St. Louis wanafundisha hapo. Mwanzoni mwa Januari 2019 walikuwa wa mwisho ligi nzima. Wakamweka golini Jordan Binnington, akaokoa 92.7 katika 100, na Juni wakabeba kombe. Kwa mashuti 30, tofauti ya 92.7 na 91 ya kipa wa kawaida msimu ule ni nusu goli kila mechi, nayo ni mali nyingi. Msimu uliofuata akarudi 91.2.

Kuna na ukomo wa mishahara, uliowekwa 2005 baada ya msimu mzima kufutwa kwa mgogoro. Hakuna tena tajiri anayenunua kila fundi, timu zimekaribiana, na zinapokaribiana ndipo bahati inapokuwa na nguvu. Pamoja na hayo Chicago walibeba 2010, 2013 na 2015, Pittsburgh 2016 na 2017, Tampa Bay mara mbili mfululizo, na Florida 2024 na 2025. Katika ligi ya timu 30 na zaidi, karata peke yake zisingerudi mkononi mwa watu walewale hivyo.

Kwa hiyo fainali ya 2024 naigawa. Florida waliongoza 3-0, Edmonton wakasawazisha 3-3, mechi ya saba ikaisha 2-1. Mechi ya goli moja kama ile, nisingethubutu kusema nani bora. Fainali tatu mfululizo za Florida, 2023 mpaka 2025, hizo nazithubutu.

Msimu ukianza, fuata Edmonton na Florida mechi 20 za kwanza, watano kwa watano, mashuti na magoli ya pande zote, kwenye daftari moja. Nipigie picha kurasa unitumie, nami nitajumlisha huku tulinganishe. Bibi anakusalimu, anauliza kama lile koti zito umelinunua.

Mama yako