Wauzaji wa mashine za kupumulia watueleze madhara yake

Mhariri,

Nina ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, na nikiwa nyumbani Kisumu hulala na mashine ya CPAP, inayosukuma hewa puani kupitia barakoa ili koo lisizibe, yenye tangi la maji linaloipa hewa joto na unyevu kabla haijafika puani. Mwezi uliopita nilikwenda Nakuru na ile ndogo ya safari, isiyo na tangi. Usiku wa pili niliamka pua ikiwasha kana kwamba imepakwa pilipili, na asubuhi leso ilikuwa na michirizi ya damu.

Aliyeniuzia alisifu wepesi wake tu. Hakunieleza kwamba hewa inayosukumwa usiku kucha hukausha utando wa pua, hasa katika mji ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, wala kwamba kuna kifaa kidogo kinachonasa unyevu wa pumzi na kuurudisha. Barakoa inayovuja huzidisha ukavu huo, na kulala kinywa wazi vilevile. Daktari alinipa maji ya chumvi ya kupuliza puani, nikapata nafuu, ila akanionya nisiiache mashine.

Naomba wauzaji watoe maelezo haya kabla ya kupokea pesa zetu, ambazo, niseme wazi, si haba.

Msomaji wako,
Kisumu