Zaburi ya "hata lini" irudi kanisani

Mhariri,

Matangazo ya ndoa yanaposomwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, wapo wanaoinamisha vichwa. Si wivu. Ni watu wa miaka 35, wa 40, waliomwomba Mungu mwenzi tangu ujana na hadi leo wanapika chakula cha mtu mmoja. Sisi walimu wa kwaya tunaandika juu ya nyimbo tunazowapa.

Mara nyingi matangazo yakiisha, kwaya huinuka na pambio la shangwe, au mhubiri huwaita mbele wasioolewa waombewe ili mwaka usipite bila ndoa. Mwaka ukipita, mtu huyo amebeba mizigo miwili: upweke, na hofu kwamba imani yake ndiyo pungufu. Biblia haimwambii hivyo. Yeremia alikatazwa kuoa. Towashi (mwanamume aliyehasiwa) wa Isaya 56, aliyejiita mti mkavu, aliahidiwa jina jema kuliko wana na binti.

Zaburi ya 13 ina aya 6 tu. Inauliza "hata lini" mara nne kabla ya kuomba lolote, na kuimba kunakuja aya ya mwisho. Sisi tumezoea kuanzia hiyo ya mwisho. Zaburi ya 88 haifiki hata huko. Inaishia gizani, na bado kichwa chake kinaielekeza kwa mwimbishaji. Kilio kile kilikabidhiwa mwalimu wa kwaya!

Kwa anayeabudu peke yake nyumbani, dakika 20 zinatosha. Soma kwa sauti Zaburi 13, aya ya 1 hadi ya 4. Mwambie Mungu waziwazi kinachouma, hata kama ni hasira. Nyamaza kidogo, kisha imba nyimbo mbili: moja ya kuomba, moja ya kusifu. Imba mwenyewe, usiiachie simu ikuimbie, kwa sababu kuimba kunadai pumzi ndefu inayotoka polepole, na pumzi ya kilio ni ya kukatika. Anzisha do, noti ya kwanza ya ngazi, chini kuliko ya kanisani. Kidevu kikianza kupanda kwenye noti ya juu, shusha tena. Koo likikaza utaacha kwenye ubeti wa pili.

Kinachoharibu ni kulala na spika masikioni, nyimbo za taratibu zikifuatana hadi saa nane usiku. Usingizi hauji, na asubuhi huzuni ni ileile pamoja na uchovu. Nyimbo mbili, basi.

Nyumbani pekee hakutoshi. Alto, sauti ya pili ya kwaya, ikiimbwa peke yake huwezi hata kuutambua wimbo. Inahitaji soprano, tenor na besi. Hapo ndipo sharika nyingi hukosea: mwenye miaka 38 amepita kwaya ya vijana, na kwenye kwaya ya kinamama anaulizwa habari za watoto. Mpokeeni kwaya kuu, mpeni sauti yake na nakala yake ya noti, na asiwe ndiye mweka hazina wa kila kamati ya harusi.

Wachungaji, tunawaomba jambo moja. Jumapili ya tatu ya matangazo, kabla kwaya haijainuka, msomaji asome Zaburi 13 yote, na usharika mzima utamke kwa pamoja kila "hata lini". Ni dakika tatu. Kisha waimbieni maharusi kwa nguvu zote.

Walimu wawili wa kwaya,
Iringa