Leseni ya programu huria: tuulize aliyeishika hakimiliki

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika safu hii barua ya msomaji mwenzangu aliyedai kwamba mradi wa programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadili, ukibadili leseni, wote waliokuwa wakiitumia programu hiyo hunyang'anywa haki yao siku hiyo hiyo, na kwamba kwa sababu hiyo taasisi zetu zisiziguse kabisa programu za namna hiyo. Hofu yake naielewa, maana nami nimewahi kuungua, lakini ameutafuta moto mahali usipowaka.

Leseni iliyotolewa pamoja na toleo fulani la programu hubaki na toleo hilo. Mpewa hapokonyeki. Machi 2024, kampuni ya Redis, yenye programu ya kuhifadhi data iitwayo kwa jina hilo hilo, ilitangaza kwamba kuanzia toleo la 7.4 inaiacha leseni ya BSD, ambayo haimbani mtumiaji karibu kwa lolote, na kushika masharti mapya yaliyolenga makampuni yanayoiuza Redis kama huduma kwa wateja wao. Matoleo ya nyuma hayakuguswa. Hazikupita wiki mbili, baadhi ya waliokuwa wakiitengeneza wakalichukua toleo la 7.2.4, wakalipa jina la Valkey, na kuliendeleza chini ya Linux Foundation, shirika lisilo la faida linalolea miradi huria, kwa leseni ile ile ya zamani. Mwaka uliofuata Redis yenyewe ilirudi nusu njia, ikaongeza leseni huria ya AGPL katika toleo la 8.

Jambo ambalo mwandishi yule hakuligusa, nalo ndilo lenye uzito, ni nani mwenye uwezo wa kubadili leseni na uwezo huo ameupata wapi. Kwa kawaida hakimiliki ya kila mstari wa msimbo ni ya aliyeuandika, au ya mwajiri wake, kwa hiyo mradi ulioandikwa na watu mia mbili una wenyewe mia mbili. Ili leseni ibadilike bila kuwauliza wote hao, ama leseni ya awali iwe legevu kiasi cha kuruhusu kazi hiyo kufungwa ndani ya masharti mengine, kama ilivyokuwa kwa Redis, ama wachangiaji wawe wamesaini hati ya kuikabidhi kampuni idhini hiyo mapema. Pasipo hayo mawili, hakuna njia ila kuwaendea watu mmoja mmoja. Watengenezaji wa VLC, kile kicheza video kilichomo katika kompyuta nyingi za mitaani kwetu, walipotaka mwaka 2011 na 2012 kuutoa moyo wa programu yao kwenye leseni ya GPL, inayotaka programu itakayojengwa juu yake nayo itolewe kwa masharti hayo hayo, na kuuweka kwenye LGPL iliyo legevu zaidi ili programu nyingine ziweze kuutumia, iliwalazimu kuwatafuta wachangiaji zaidi ya 200, wengine wakiwa wameuacha mradi siku nyingi. Kazi hiyo, iliyoongozwa na Jean-Baptiste Kempf, ilikuwa ya kuchosha, na mimi nasema ilikuwa vizuri ichoshe.

Miaka kadhaa iliyopita nilijitolea kutafsiri kwa Kiswahili programu moja huria ya hesabu, ambayo sitaitaja jina, iliyokuwa ikitumiwa na vyama vya akiba na mikopo. Jioni baada ya kazi nilikuwa nikikaa na orodha ya maneno, nikibishana na wenzangu wawili kama kitufe cha kutunza kazi kiandikwe "Hifadhi" au "Okoa", nami nikishikilia "Hifadhi" kwa kuwa faili haijazama baharini. Kabla ya kuipokea tafsiri yangu ya kwanza, kampuni yenye mradi iliniletea ukurasa wa maandishi madogo wenye kisanduku kimoja mwishoni. Nilikitia tiki bila kusoma. Ningesoma, ningeiona aya iliyosema kwamba naipa kampuni ruhusa ya kuutoa mchango wangu kwa leseni yoyote itakayoipenda, wakati huo na baadaye. Siku ya kubadili leseni ilipowadia, kampuni haikuwa na haja ya kuniuliza, na haikuniuliza. Masharti mapya yalikataza kuwaendeshea wengine programu ile kwa malipo, nayo ndiyo kazi tuliyokuwa tukivifanyia vyama vitatu hapa Tanga kwa ada ndogo ya mwezi.

Tumebaki na toleo la zamani, kama leseni yake inavyoturuhusu. Hata hivyo, marekebisho ya usalama sasa hutolewa kwa toleo jipya tu, na kila kasoro inapogundulika ni sisi watatu tunaokesha kuiziba. Valkey ilisimama haraka kwa sababu Amazon, Google na Oracle zilikuwa na maslahi nayo. Programu ya kukokotoa riba za wanachama wa ushirika haina mjomba wa namna hiyo. Hapo nakubaliana na mwandishi yule kwamba hasara ipo, ila haitokani na kunyang'anywa.

Kwa hiyo taasisi inayotaka kuitumia programu huria isiishie kuuliza kama ni huria. Iulize pia hakimiliki iko mikononi mwa kampuni moja au imetawanyika kwa wengi, na kama wachangiaji husainishwa chochote. Majibu yake kwa kawaida yamo ndani ya mafaili ya mradi wenyewe, na kijana yeyote wa mwaka wa pili chuoni anaweza kuyapata kwa nusu saa. Walimu wa vyuo wanaowahimiza wanafunzi wao kuchangia katika miradi ya nje, jambo ambalo naliunga mkono, wawasomeshe na kile kiukurasa chenye kisanduku.

Mimi jioni zangu nimezihamishia kwenye mradi mwingine, ambao haumtaki mchangiaji saini yoyote zaidi ya kutamka kwamba alicholeta ni chake na kwamba anakitoa kwa leseni ile ile ya mradi. Kuhusu "Hifadhi" bado tunabishana.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wenu, Tanga