Dikafu siyo dawa ya vidonda vya tumbo

Mhariri, habari za kazi.

Naomba kanafasi kadogo maana ile makala yenu ya ukurasa wa afya kuhusu dikafu, yaani kahawa iliyotolewa kafeini (kile kinachochangamsha na kufukuza usingizi), imeleta ubishi hapa kijiweni kwetu, mmoja anasema inaleta kansa, mwingine kashaenda supamaketi kanunua kopo lake la dikafu kwa bei ya kuumiza eti kwa sababu ana vidonda vya tumbo na kaambiwa aache kahawa. Huyu wa pili ndo ananipa wasiwasi.

Jamani, kafeini siyo kitu pekee kwenye kahawa kinacholichokoza tumbo. Dikafu nayo inaamsha asidi, na hili halijaanza kujulikana jana, kuna utafiti wa 1975 kwenye jarida la New England Journal of Medicine uliona dikafu inatoa asidi nyingi tumboni kuliko hata kafeini ikimezwa peke yake. Kwa hiyo mwenye kiungulia anaweza akabadilisha kopo na bado akalala anaungua kifua. Halafu vidonda vyenyewe mara nyingi vinaletwa na bakteria anaitwa H. pylori au na hizi dawa za maumivu tunazomeza kama karanga, diklofenaki na brufeni, unamkuta mtu kaacha kahawa mwaka mzima lakini diklofenaki iko mfukoni. Akapime kwanza!

Haya, kansa. Hofu hiyo haijatoka hewani. Mjerumani Ludwig Roselius wa Bremen, aliyeanza kuuza kahawa ya aina hii mwanzoni mwa karne iliyopita, alitolea kafeini kwa benzeni, kemikali ambayo kweli inasababisha kansa, na iliachwa zamani. Sa hivi viwanda vingine vinatumia kemikali nyingine, methilini kloraidi, nayo siyo ya kuichezea, Marekani mwaka 2024 walipiga marufuku matumizi yake mengi ila kwenye chakula sheria ni nyingine, huko mabaki yasizidi sehemu 10 kwa milioni kwenye kahawa iliyokaangwa. Kemikali yenyewe inachemka kwenye nyuzi 40 hivi na buni inakaangwa kwa nyuzi 200 na kitu, kwa hiyo kinachobaki ni kidogo mno. Wengine wanatoa kafeini kwa maji tu au kwa kaboni dayoksaidi. Mimi ningependa kopo liandikwe njia iliyotumika, basi, mnunuzi achague mwenyewe.

Faida zipo, sikatai. Moyo ukikudunda ukinywa kahawa, usingizi ukikukimbia, au una mimba, hapo dikafu ina maana, kikombe chake kina kama miligramu 2 mpaka 15 za kafeini wakati cha kawaida kinafika 95 hivi, na mjamzito Ulaya wanamshauri asipitishe 200 kwa siku. Hata kisukari cha ukubwani kimeonekana kuwa kidogo kwa wanywaji wa dikafu kama ilivyo kwa wa kahawa ya kawaida, ingawa hizo ni tafiti za kufuatilia watu, haziwezi kusema kahawa ndo iliyowakinga. Ila mlisahau kitu kimoja kwenye makala, mama mjamzito mwenye upungufu wa damu asinywe pamoja na chakula wala vidonge vya madini ya chuma, maana kahawa inazuia chuma kuingia mwilini, na dikafu haina nafuu hapo.

Na mkiandika tena naomba muwaguse hawa wanaojisifu wameacha kafeini kisha saa 3 usiku wanashushia chai ya rangi nzito vikombe viwili, kila kimoja miligramu 40 na ushee, au vijana wa bodaboda na kopo la enaji lenye 80. Wakikosa usingizi wanakuja kuilaumu dikafu ya asubuhi.

Msomaji wenu, Tanga